Ukingo wa Kulia wa Picha ya Hasina

Sasa wewe uliyeniuliza jana kwenye kundi, "Mzee Sule, picha nzuri na picha kali zinatofautiana nini?", ngoja nikujibu leo, maana jana nililiona swali lako nikazima simu.

Sikuzima kwa dharau. Ulinitonesha kidonda.

Nimepiga picha miaka arobaini na moja hapa Tanga. Zilizo nzuri hazina idadi. Iliyo kali ni moja tu.

Na hiyo moja nimeichana kwa mikono yangu, mchana kweupe, mbele ya kibanda changu Makorora, watu wakisema leo mzee wa picha kapandwa na mashetani.

Kaeni vizuri, wajukuu zangu. Shule mimi niliishia darasa la nne, hapa naongea tu, simu ndiyo inaandika. Ikikosea mcheke simu.

Tuanze na picha nzuri. Ukikaa kwenye kiti changu nitakwambia shusha mabega, funga mdomo, masikio yote mawili yaonekane. Pah! Shati limeonekana, saa ya mkononi imeonekana, hata mama mkwe kaonekana. Unaitia kwenye albamu, basi. Imeisha hiyo.

Picha kali haiishi.

Unaiweka chini, unairudia. Unajiuliza huyu alikuwa na nini? Inakufuata mpaka nyumbani kama paka wa jirani.

Enzi zile tunasafisha picha wenyewe gizani, mke wangu Mastura ananipepea kwa kipepeo cha jikoni nisizimie kwa joto, nilikuwa naomba Mungu anipe moja kama hiyo kabla sijafa. Moja tu.

Mungu akanipa. Chunga unachoomba.

Mwaka juzi nikaitwa Kigombe kupiga harusi. Bibi harusi Hasina, binti wa marehemu Hatibu. Bwana harusi Rahimu, kijana wa hapa hapa Makorora, ana duka la vipuri vya pikipiki. Kijana mzuri, shikamoo yake haikauki.

Lakini harusi ile ilikuwa na kovu. Baba wa binti, Hatibu, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Tarehe aliipanga yeye mwenyewe, na mgonjwa alipoona hali si hali akausia: "Nikifa msiahirishe. Mwanangu aolewe."

Basi ikawa ndani ya nyumba moja binti anapambwa hina, na chumba cha pili mama yake, Kijakazi, amekaa eda.

Wasiojua niwaambie. Mjane wetu anakaa miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki, na wanaume wa kando hawamwoni. Kwa hiyo mama mtu hakutia mguu kwenye harusi ya mwanawe wa pekee. Alikuwa chumba cha mbele, ng'ambo ya ukumbi, nyuma ya pazia, anasikiliza vigelegele.



Ndoa imefungwa msikitini, bwana harusi kaletwa kumpa mkono mkewe. Mashangazi wamejazana mlangoni, hapiti mtu bila kutoa chao. "Weeee, unadhani huyu tumemwokota ufukweni? Toa!" Rahimu anacheka, anatoa. Akaingia, nami nyuma yake na kamera.

Umeme, pap, ukakatika.

Chumba giza. Pale mlangoni alikuwepo Mudathir, binamu wa Hasina. Nikamwambia, "Mwanangu, shika huo mlango uwe wazi, mwanga wa ukumbini uingie."

Akasimama kwenye mwanga, kaushika mlango.

Mimi ndiye niliyemweka pale. Likumbukeni hilo.

Rahimu akaweka kiganja kwenye paji la uso la mkewe, akaanza kusoma dua. Na Hasina, badala ya kuinamisha macho kama wanavyofundishwa, akayainua. Akatazama kule mlangoni.

Jamani. Yale macho.

Kuna furaha, kuna msiba, kuna kuaga, kuna "usiniache". Chozi limesimama halitaki kuanguka. Kidole changu kikabonyeza chenyewe.

Kufika kibandani, nikaitia kwenye kompyuta. Nikaita, "Mastura! Njoo uone alichonipa Mungu!"

Ila kulikuwa na kasoro. Upande wa kulia, nje ya mlango, kulikuwa na kitu kinavuta jicho, kinaharibu. Nikaukata ukingo ule. Upana wa vidole viwili tu.

Ooh! Ikakaa. Ikabaki mkono wa bwana, macho ya bibi, na mwanga umemwangukia Mudathir mlangoni. Ilikuwa nzuri, kukatwa ndiko kulikoifanya kali.

Sisi watu wa pwani hatutundiki mke wa mtu barabarani, hilo najua. Nikamuuliza mwenyewe Rahimu. Akaitazama, akavimba kwa raha. "Weka mzee, watu waone. Kajistiri vizuri, ana kosa gani?"

Nikaichapa kubwa, nikaitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika kibandani.

Vijana wakaipiga kwa simu zao, wakairusha. Sifa zikamiminika. "Mzee Sule umeua!" "Babu si mchezo!" Watu wa mjini wenye kamera za maana wakaja kunishika mkono, wakasema wataiweka kwenye maonyesho yao. Mimi, wa darasa la nne! Nikanunua kofia mpya.

Halafu siku moja mtu mmoja, simjui mpaka leo, akaandika chini ya ile picha:

"Mbona bibi harusi anamtazama jamaa wa mlangoni?"

Maneno hayo tu.

Wa pili akaandika, "Duh, kweli." Wa tatu akachimba: Mudathir aliwahi kumposa Hasina, akakataliwa. Na ilikuwa kweli, alimposa, miaka hiyo, yakaisha kwa heri. Lakini sasa nani atasikia yaliisha?

Bodaboda wakawa wakipita dukani kwa Rahimu wanapiga honi. "Oya, mlango umefunga vizuri leo?" Kijana akawa hafungui duka. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, dunia nzima inaona, wewe tu kipofu?"

Ijumaa moja baada ya swala akaja kibandani. Kakonda. Akaitungua picha ukutani, akaniwekea mezani.

"Mzee, nakuuliza kama baba yangu. Mke wangu anasema alikuwa anamtazama mama yake. Mama yake yuko wapi hapa?"

Akanitazama usoni.

"Hii picha ni nzima, au umekata mahali?"

Wajukuu zangu, mimi nilijua mama yake yuko wapi.

Yuko kwenye vile vidole viwili nilivyovikata. Ng'ambo ya ukumbi, nyuma ya bega la Mudathir, pazia limeinuliwa, na Kijakazi kachungulia na kanga kuukuu ya eda, mkono mdomoni, anamuaga mwanawe kwa macho.

Hicho ndicho kilichokuwa kinaharibu.

Ningesema tu, "Ndiyo, nimekata, ngoja nikuoneshe." Kompyuta iko pale. Picha nzima iko mle ndani.

Lakini nikapiga hesabu zangu za kijinga. Nikasema nikiitoa, nitaambiwa nimempiga picha mjane ndani ya eda, aibu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya kweli ilikuwa nyingine. Wale watu wa maonyesho walishaichukua, na picha ikiwa na Kijakazi ukingoni inarudi kuwa picha nzuri tu. Mama analia, binti anaolewa. Za aina hiyo ninazo kabati zima.

Nikamwambia, "Mimi picha zangu sikati. Ilivyo ndivyo ilivyo."

Rahimu akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akasema, "Ahsante, mzee." Hata wakati ule hakunivunjia adabu.

Jumatatu Hasina akarudishwa kwao Kigombe, nyuma ya bodaboda, begi mapajani, talaka moja kwenye karatasi.

Mama yake bado hajatoka eda ya kifo. Binti anaanza eda ya talaka. Nyumba moja, eda mbili, vyumba vinatazamana.

Nilipomwambia Mastura yote, hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikuwa anapakua. Akarudisha wali kwenye sufuria, akafunika.

"Mke wangu, mbona hivyo?"

"Nenda kale kwa uliowalisha uchungu. Hapa hakuna chakula chako mpaka umekwenda."

Nikadhani utani. Wiki mbili nikala mihogo ya kukaanga ya barabarani, mwanamume mzima mwenye mke na jiko.

Na bado sikwenda! Ndiyo ujue kiburi kilivyo. Nikasubiri mpaka maonyesho yapite. Wakanipa cheti. Nikakileta nyumbani. Mastura akakitazama, akauliza, "Hiki kinaliwa?"

Siku ya pili yake ndiyo niliyoichana ile kubwa. Kioo kikanikata kiganja, kovu hili hapa. Nikachapa ile nzima, nikaitia kwenye bahasha, nikapanda bodaboda mpaka Kigombe.

Kumbe siku hiyo Kijakazi katoka eda. Watu wamesoma dua wametawanyika, wamebaki wawili tu, mama na binti, na sufuria la wali wa nazi halijaguswa.

"Hodi."

"Karibu, kaka Sule," Kijakazi akasema. Hakushtuka. Kama mtu aliyenituma dukani nikachelewa.

Hasina akasema, "Shikamoo, babu," macho chini. Nikaitikia.

Nikatoa picha, nikaiweka mkekani. Nikasema yote, mpaka ya cheti. Sikubakisha.

Hasina akaitazama muda mrefu. Akamgusa mama yake kwa kidole, pale ukingoni. Akasema polepole, "Mama, ulitoka kweli. Nikaanza kudhani nimeota."

Nikasema, "Mwanangu, eda yako haijaisha. Nikimpelekea Rahimu hii leo, ana haki ya kukurejea. Niipeleke?"

Akanitazama. Macho yale yale, ila sasa chozi halipo.

"Babu, Rahimu nilimwambia kwa mdomo wangu, akataka picha. Leo tumpe picha aniamini. Kesho ikija ya tatu?"

Akaigeuza ikalala kifudifudi. "Hii itabaki hapa na mama."

Nikamgeukia Kijakazi nimwombe radhi. Akaniwahi.

"Kaka Sule, siku ile nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilipoinua pazia, kamera yako ilikuwa imenielekea mimi. Niliona kabisa kioo chake. Nikasema Mola anisitiri, nimepigwa ndani ya eda. Halafu mwanangu aliporudishwa, nikashukuru. Nikasema alhamdulillahi nilipigwa. Kaka Sule yupo, anayo, atasema."

Akaivuta picha karibu yake.

"Nikamtumia mkwe wangu salamu kwamba nilikuwa pale. Akajibu, mzee wa picha kasema picha ni nzima, na mama hakosi kumtetea mwanawe. Mimi nikasema hapana, kaka Sule ana lake, atakuja. Kila pikipiki ikipunguza mwendo pale nje, namwambia Hasina, huyo. Sikuwa na mguu wa kukufuata, niko ndani. Siku arobaini na nne nasikiliza barabara."

Nilitamani anitukane. Anitemee mate.

Nilidhani namletea ushahidi. Kumbe ushahidi alikuwa nao yeye, na alikuwa ananingoja mimi tu niwe mtu.

Basi, mwenye swali lako, jibu ndilo hilo. Picha nzuri inakuonesha kilichopo. Picha kali inakuachia swali, na watu hawawezi kulala na swali, watalitungia jibu kwa nyama ya mtu. Kwa hiyo ukiwa umekata ukingo, sema umekata. Na ukiulizwa kama ni nzima, usimsikilize anayekusifu, mfikirie aliyebaki nje ya ukingo.

Mimi nilichelewa kulijua. Rahimu kaoa mwingine, Mudathir kahamia Moa kwa aibu isiyo yake. Cheti kiko uvunguni, panya hawakitaki.

Siku ile nikainuka, nikavaa viatu niondoke. Kijakazi akasema, "Unakwenda wapi? Hasina, mletee maji anawe."

"Dada, mimi sistahili..."

"Nani kakuuliza unastahili? Kaa."

Hasina akaninawisha. Maji yakapita kwenye kidonda cha kiganja, yakachoma, nikakaza meno. Akakiona. Hakuuliza. Akamimina taratibu zaidi.

Akaleta sinia moja. Wali, nguru wa kupaka, kachumbari. Kijakazi akaketi, Hasina akaketi, mimi nikabaki nimechuchumaa kama mwizi mpaka wakanisogezea mkeka.

"Bismillahi," Kijakazi akasema. Akavunja kipande kinono cha samaki, akakiweka upande wangu. "Kula, kaka Sule. Umechelewa, wali umepoa."

Nikatia mkono. Wali ulikuwa wa baridi kweli.

Nikaula wote.