Ng'ombe wa Mahari Anachechemea Kwenye Picha Yangu

Jamani, picha yangu inataka kuvunja ndoa ya mdogo wangu!

Mnajua nimejifundisha mwenyewe kutengeneza picha zinazotembea, kwa simu hii hii. Leo asubuhi nikampiga yule ng'ombe mweupe wa mahari picha kumi na mbili akitembea. Nikaunganisha nne tu ili faili liwe jepesi, nikatuma kwenye grupu la wakwe.

Nne hazitoshi. Mguu wa nyuma unaruka, unarudi, unaruka tena.

Mkwe mtarajiwa, baba wa bibi harusi, akapiga simu kutoka Mwandoya.

"Ng'wanawane, mwanangu, mbona huyu ng'ombe anachechemea?"

"Baba, ng'ombe ni mzima. Inayoruka ni picha."

"Picha haina miguu. Kesho tunakuja kumwona."

Masanja, bwana harusi mwenyewe, kanuna. "Kaka, ungekufa ukituma picha ya kawaida?"

Yaani nawapambia ng'ombe wao bure, halafu lawama zangu!

Sasa niko zizini hapa Bariadi, namtembeza kwenda na kurudi. Na mimi nimeanza kuona anachechemea.

Nimemrekodi video kabisa, hiyo hapo chini. Tazameni mguu wa nyuma wa kushoto, mniambie ukweli.