Nchi Isiyo na Matanga

Mimi ni mtu wa ndani. Dunia yangu inaanzia kitandani na kuishia barazani kwangu, Maili Moja, ninapotengeneza simu za watu. Siku nikifika Tumbi tu, hapo jirani, majirani wananipokea kwa "pole na safari".

Nadhani ndiyo maana niliupenda ule mchezo. Watu wanne mkekani na dadu za pande nyingi. Mmoja amebuni nchi, wengine wanaishi humo kwa maneno: unasema unachofanya, dadu inaamua kama umefanikiwa. Unazunguka nchi nzima bila kuvaa viatu.

Tulicheza kwangu kila Jumapili mchana. Nchi mpya ilikaguliwa kwanza: kila mmoja anamuuliza mbunifu swali, akikwama, nchi imefeli. Mkaguzi aliyeogopwa ni mimi, wa kidato cha nne na divisheni foo, profesa wa nchi zisizokuwepo. Niliamini nchi nzuri haijulikani kwa majitu na wachawi wake. Inajulikana kwa mambo madogo ya kila siku.

Rafiki yangu wa Kisarawe, muuza spea za pikipiki, alileta nchi ya mfalme anayeruka angani. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, kwa hiyo watani.

"Mtani, hawa watu maji wanachota wapi?"

Akakodoa macho.

"Wazaramo bwana! Ikulu mmejenga, kisima hamna. Ngoma mtaicheza na kiu?"

Alicheka, akaikunja nchi yake akaitia mfukoni. Mwaka mzima nilimfanyia hivyo, na kila mara alicheka. Utani ni haki yangu.

Nchi yangu mwenyewe niliiandika miezi minane kwenye kaunta buku. Vilima vyake vilikuwa vya Kisarawe, ambako sijawahi kukanyaga; nilivitazama kwenye ramani ya simu. Nilitaka ichezwe kuliko nilivyowahi kutaka kuoa.

Katikati ya kazi hiyo, mama yake yule mtani wangu akafariki. Ujumbe ukaja: wanazika Kisarawe, kesho saa kumi.

Kila mtu anajua kazi ya mtani msibani. Anazuia jeneza lisipite. Anajilaza kaburini na kugoma kutoka. Anamtania mfiwa mpaka acheke huku machozi yanamtoka. Kisarawe si mbali, ni kubadilisha magari tu. Nikamtumia ujumbe mrefu wa pole, wenye aya kabisa, nikasingizia mgongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nachora mto.

Matanga yalipokwisha akarudi mkekani, na zamu ya kukaguliwa ikawa yangu. Fundi cherehani, dada tuliyecheza naye, aliuliza chumvi inatoka wapi. Nikajibu. Vyoo je? Nikamwonyesha mchoro. Nilikuwa naelea kwa raha.

Mtani wangu alikuwa anafunua kurasa polepole.

"Watu wa huku wanakufa?"

"Wanakufa sana! Hapo mbele kuna vita."

"Wakifa, kaburi anachimba nani?"

Nikatafuta ukurasa ambao nilijua haupo.

"Ubwabwa wa matanga anapika nani?"

"Aa, mtani, Wazaramo mnawaza sufuria tu!"

Hakuna aliyecheka. Fundi cherehani alitazama vidole vyake.

"Jeneza la mama lilipita moja kwa moja," mtani wangu akasema. "Hakuna aliyelizuia. Na alipokuwa anaumwa alikuwa anakuulizia. Alisema, 'Yule Msukuma wako asiyetoka ndani, siku yangu atatoka?'"

Akafunga kaunta buku, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mto umeuchora vizuri, kaka."

Kaka, si mtani. Hajawahi kuniita hivyo. Nchi ilikuwa imefeli kwa kipimo changu mwenyewe, na Jumapili iliyofuata mkeka ulibaki umekunjwa.

Baadaye niliongeza ukurasa wa mazishi. Wachimbaji wapo, sufuria zipo, hata mahali mtani anapojilaza nimepawekea alama. Ni ukurasa mzuri kuliko yote, na hauna wa kuukagua.

Juzi nilijikokota mpaka dukani kwake. Nikatupa utani wa zamani: "Wazaramo bado mnauza vyuma vibovu?" Akafuta benchi kwa kitambaa, akanisogezea nikae.

"Karibu, kaka. Nikusaidie nini?"

Alinihudumia kwa heshima zote.