Kitabu cha Mwalimu Chelangat

Nakumbuka Ijumaa moja pale Sosiot, mwanangu, nilipojiona fundi kumbe sijui kitu. Nilikuwa kijana, na duka langu la kompyuta lilitazamana na kituo cha kupimia majani chai. Mwalimu Chelangat, ambaye haoni tangu utotoni, alikuwa akisomea diploma. Alinipa kitabu nikiingize katika kompyuta yake inayosoma kwa sauti. Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumatatu.

Sikumuuliza lolote. Mgonjwa haulizwi uji, nilijiambia. Nikaskani kurasa zote, zikanyooka vizuri, nikampelekea nyumbani nikingoja sifa.

Mashine ikatangaza kwamba ukurasa ni mtupu. Maneno si hayo hapo, nayaona? Nikafungua wa pili: mtupu. Nikazima, nikawasha, nikalaumu spika, nikalaumu stima, na mwisho, Mungu anisamehe, nikamlaumu yeye kwamba amebonyeza vibaya. Mpaka leo naona haya.

Mwalimu alingoja nichoke. Kisha akasema polepole, "Kibet, umeniletea picha za kurasa. Hii mashine haisomi picha, inasoma maandishi. Na mimi si mgonjwa. Ungeniuliza tu."

Alitaka maneno yachapwe, na kila sura iwekewe alama ya kichwa ambayo mashine inaitambua, ili aruke moja kwa moja hadi anapotaka, asilazimike kusikiliza kitabu kizima akitafuta aya moja. Hayo ya vichwa hayakuniingia. Nilidhani ni herufi kubwa tu, akanieleza tena na tena. Nikachapa Jumamosi yote, Jumapili nikakosa kanisa, na bado nikafika nusu. Maswali mengi yakatoka nusu ile nyingine. Mwalimu akaanguka mtihani, akarudia mwaka mzima, wala hakunisema kwa mtu yeyote. Afadhali angenisema.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ukitaka kumsaidia mtu, yeye ndiye anayejua msaada unaomfaa, kwa hivyo anza kwake. Na ukimtengenezea asiyeona kitabu, zima kioo cha kompyuta ukisikilize mwenyewe kwanza, mwanzo hadi mwisho, ndipo umpelekee. Ukikosea, kosea mapema, wakati bado kuna siku za kurekebisha.

Mungu akubariki kwa mikono inayopenda kazi, na kabla ya mikono, akupe ulimi wa kuuliza.