Maua Yasiyoliwa ya Mama Leonce

“Mama Leonce, hivi haya maua yanaliwa?”

Nilimuuliza hivyo mwaka 2017, wiki chache baada ya mafuriko, kwa sababu sikuwahi kumwona Mrundi akitifua udongo kwa ajili ya kitu kisichoingia chunguni. Mama yangu mwenyewe amejaza lengalenga, yaani mchicha, mbele ya mlango wetu hapa Gulfton, Houston. Mama Leonce, jirani yetu wa mlango wa pili, hakuinua hata kichwa.

“Badala ya kuuliza, Aurore, nishikie hiyo ndoo.”

Jina lake ni Godelieve. Anasafisha vyumba hotelini, na kutulia hawezi. Akija kwetu kunywa chai anakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Simu ikilia, hata ikiwa ya baba, yeye ndiye anayeruka. Jengo zima lilijua sababu. Binti yake, Amandine, alibaki kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Siku ya usaili wa kuja Marekani alikuwa amelazwa hospitali, faili lake likatenganishwa na la familia, na tangu hapo safari yake inapangwa, inafutwa, inapangwa tena. Mwaka mpya wa safari za wakimbizi hufunguliwa Oktoba. Basi majira ya joto yakianza tu kulegea, Mama Leonce anaanza kuhangaika.

Mwaka ule hakungoja hata Oktoba. Mvua moja ya Septemba ilinyesha, naye akakimbilia dukani, akarudi na pansi, yale maua madogo ya zambarau na manjano yenye alama kama uso wa paka. Akayapanda kwenye ndoo alizookota kwenye takataka za mafuriko. Kwetu Burundi mvua ya Septemba ikianguka unashika jembe, huulizi. Lakini Houston mvua ilikata, jua likarudi na hasira zake, na maua yakalala kama mchicha uliochemshwa.

Herménégilde, anayeishi juu yetu, akainama kwenye reli ya roshani. “Dada, sasa tia chumvi tule!”

“Shuka nikuchemshe nayo, angalau tupate nyama!”

Watu wakacheka. Mama Leonce hakucheka. Alikuwa akiutazama mlango wake, halafu ile mingine, yote ya kahawia, yote sawa. Ndoo zisizo na ua hai zilimkosesha raha kuliko nilivyoelewa.

Aliyemwokoa ni Truphosa, nesi Mkenya kutoka Katy, mji wa pembeni mwa Houston, tunayekutana naye kanisani. “Mum, hii maua inataka baridi. Ngoja mpaka ulale na blanketi, ndio upande.”

Kungoja! Umwambie nani, Mama Leonce? Mwaka uliofuata kila asubuhi nikitoka kwenda shule alikuwa nje, mkono umenyooshwa hewani kama anapima homa ya mji. “Aurore, leo si kuna baridi?” “Hapana, Mama Leonce.” “Hata kidogo?” Lakini alingoja, na Novemba ndoo zikachanua mpaka wapita njia wakasimama kupiga picha. Amandine hakuja. Mwezi wa tano joto likayaua maua, akang’oa yote, akaziosha ndoo.

Mwaka 2019 Leonce, mwanawe mkubwa, alipanga nyumba Katy yenye uwanja wa nyasi nyuma. Alikuja na gari kumchukua.

“Mama, kule utapanda ekari nzima ukitaka!”

“Sihami.”

“Utaukodolea macho mlango huu mpaka lini?”

“Mpaka nichoke. Sijachoka.”

Leonce akaondoka na gari tupu. Mimi nikaona ni ukaidi tu. Kisha ikaja korona, ndege zikasimama, na hapo hata mama yangu alisema huyu mwanamke atajiumiza. Alifagia penye usafi. Alimwagilia udongo uliolowa.

Novemba 2020 simu ililia, safari hii yake. Amandine alikuwa na tiketi. Angetua Alhamisi.

Leonce alikuja mbio, barakoa imening’inia kwenye sikio moja. “Tunampokea uwanja wa ndege, tunampeleka Katy moja kwa moja. Chumba kiko tayari.”

“Mleteni hapa kwanza,” Mama Leonce akasema. “Tena ashukie getini. Asisindikizwe.”

“Mama! Milango yote hii inafanana, atapotea!”

Mama Leonce alichuchumaa kwenye ndoo zake zilizojaa zambarau na manjano, akaondoa jani moja lililokauka. Leonce aliniangalia, nikainua mabega, halafu nikachuchumaa pembeni ya mama yake na kumuuliza tena, kwa nini miaka yote hii maua, na si kitu cha kula.

“Kambini mahema yote yalikuwa meupe,” akasema. “Amandine alikuwa na miaka minne, akatoka kucheza, akapotea mchana kutwa. Nilimkuta analia mlangoni kwa watu. Nikachimbua ua la porini, nikalipanda kwetu, nikamwambia: wewe usihesabu mahema, tafuta maua, mimi nipo hapo. Sijampa alama nyingine tangu siku hiyo.”