Wembe wa Mama Mkwe

Miezi kadhaa baada ya kuondolewa titi la kulia kwa saratani, Evelina alivaa gauni la kwaya, nalo likamkwama kwenye kiwiko. Mkono ulikuwa mzito kama umebeba ndoo. Alipoubonyeza kwa kidole, kishimo kikabaki.

Tangu hapo hakutulia. Alizunguka uani kwao Ilemela, akageuza dagaa aliokwisha kuwageuza, akaingia ndani, akatoka tena.

"Hiyo ni damu chafu," alisema Mbuke, mama mkwe wake, akiufungua wembe mpya. "Nikuchanje kidogo itoke."

"Mama, usinisogelee na hicho kitu!"

Kesho yake alikwenda hospitali. Nesi aliupima mkono kwa tepu, akaufunga bandeji kuanzia vidoleni, akamweleza kwamba ile si damu. Upasuaji ulikuwa umeondoa tezi za kwapani, kwa hiyo maji ya mwili yalikosa njia. Uvimbe hautaisha kabisa, ila kwa bandeji na mazoezi utapungua. Lakini hata chale moja ndogo ingeingiza vijidudu, na mkono ukiwa mwekundu na wa moto, awahi hospitali siku hiyohiyo.

Jumapili gauni likakwama tena, na kwaya inamsubiri. Evelina akazunguka chumbani akisonya, kisha akatoka.

"Mama, ule wembe bado unao?"

Mbuke aliuleta mbiombio. Evelina akalivua gauni, akamwekea mapajani, mshono juu.

"Haya. Chanja hili."