Gari la Kupokelewa kwa Vigelegele

Ulimboka hajawahi kumiliki gari London. Miaka yote anapanda basi kutoka Queensbury kwenda ofisi ya nyumba za council, yaani halmashauri ya mtaa, kusikiliza wapangaji wakilalamikia mabomba. Lakini kwao Mbeya, mtu wa Ulaya ni mtu wa Ulaya. Basi dada yake Vaileth alipochoka kuzungusha chanjo za watoto kwa bodaboda kwenye vijiji vya bonde la Usangu, ukoo mzima ulisema kwa sauti moja: kaka yupo, kaka atachagua gari.

Vaileth ni muuguzi, na si mtu wa kuzungukazunguka kwa maneno. Alimtumia kaka yake ujumbe wa sauti. "Shikamoo kaka. Naomba gari la kazi. Huku tope ni jeusi na linanata. Nitafutie lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote manne, springi za chuma, tairi nene, lisimshinde fundi wa Chimala. Viti hata vikiwa vimechanika, nitashona."

Jamani, mtu aelezwe vipi tena? Ulimboka akajibu huku anacheka: "Marahaba. Wewe jua sindano zako, Vaileth. Magari niachie mimi."

Akaenda kwa Hitesh, muuza magari mzaliwa wa Mwanza ambaye Kiswahili chake hakijapata kutu. Uani mlikuwa na magari mawili yanayofaa kusafirishwa. La kwanza lilikuwa zee la kazi, rangi imepauka, springi za chuma, ndani linanuka mbwa. La pili lilikuwa jeusi, linameta, paa la kioo, viti vya ngozi, limekalia springi za upepo. Unabonyeza kitufe, gari linajiinua lenyewe taratibu. Ulimboka alikibonyeza, akakibonyeza tena.

"Linakwenda kwenye barabara gani, kaka?" Hitesh akauliza.

Hapo ndipo shetani alipompitia. Kwao gari jipya haliingii nyumbani kimyakimya. Mchungaji huliombea, akina mama hutandika kanga kwenye boneti, vigelegele vinapigwa, halafu picha. Ulimboka akaliona lile zee likiingia uani kwao, na baba mdogo Ambrose, msemaji wa ukoo, akiuliza, "Ndilo hili la Ulaya?" Aibu ikamshika hata kabla hajaaibika.

"Mjini tu," akasema. "Lami tupu."

"Kama ni lami, basi hilo jeusi litakufaa," Hitesh akasema, na nani wa kumlaumu?

Siku ya mapokezi walimpigia simu ya video. Kanga zilitandikwa, mchungaji aliomba mpaka sauti ikakauka, baba mdogo akalizunguka gari akilipapasa. Ulimboka alitembea ofisini kama bwana harusi. Kitu kimoja tu kilimkwaruza: Vaileth hakupiga kigelegele. Alikuwa amechuchumaa anachungulia chini ya gari. Aliposimama alisema, "Ahsante, kaka," basi.

Masika yakaingia. Asubuhi moja Ulimboka yuko ghorofa ya juu ya basi, picha ikatua kwenye grupu la ukoo. Ng'ombe wanne wamefungwa kamba, wanalivuta lile gari jeusi lililolalia tumbo kwenye tope. Springi za upepo zilikuwa zimepasuka. Vaileth alilala humo porini, barafu ya kwenye boksi la chanjo ikayeyuka, chanjo zote zikaharibika. Ulimboka aliifunika simu kwenye paja haraka, kama vile abiria wangemjua.

Kisha ikafuata sauti ya Vaileth. "Kosa ni langu, nilikata kona vibaya. Msimsumbue kaka."

Baba mdogo hakuchelewa. "Nilisema mimi! Mwanamke na gari la maana wapi na wapi? Lirudi mjini, mwanangu Ryan alikodishe kwenye harusi. Vaileth arudie bodaboda yake." Wajomba wakaunga mkono mmoja baada ya mwingine. Watoto wa Usangu na chanjo zao hakuna aliyewataja.

Na Ulimboka? Kimya. Mtu mzima na ndevu zake, alikaa kimya kutwa nzima, anapokea simu za wapangaji, huku dada yake anatukanwa kwa ajili yake. Chakula cha mchana kilimshinda. Jioni, kwenye basi la kurudi, hakuweza tena. Akarekodi: "Baba mdogo, kosa ni langu. Nilichagua vibaya."

Jibu likaja haraka. "Mnaona moyo wa huyu mtoto? Anambebea dada yake lawama! Mungu akubariki sana, baba."

Zikanyesha emoji za mikono ya kushukuru, na maua. Weee! Ulimboka alitamani basi limmeze. Alikuwa amekiri, na amesifiwa. Akashika kichwa. Kisha akarudi nyuma kwenye simu, akautafuta ule ujumbe wa Vaileth wa mwanzo, akautuma kwenye grupu. Akatuma na jibu lake mwenyewe, na kicheko chake chote.

Baba mdogo alianza kuandika, akaacha. Halafu ikaja sauti ya mama yao, ambaye huwa hasemi kitu humo.

"Ulimboka. Nimesikia. Sasa mwombe radhi dada yako, kwa mdomo wako, hapa hapa, sote tusikie."

Basi lilijaa wanafunzi waliotoka shule. Akaisogeza simu mdomoni.

"Vaileth, dada yangu. Uliniambia, na nilikusikia vizuri. Nilitaka kusifiwa." Wanafunzi wa kiti cha mbele wakageuka kumtazama, naye machozi yanamtoka. "Nisamehe."

Alipita kituo chake bila kushuka. Jibu lilimkuta mbele huko.

"Nimekusamehe, kaka. Hilo gari nitaliuza, ninunue jingine. Nitachagua mwenyewe. Wewe pumzika."