Hatua Thelathini za Nyirabihu

Daftari la Thacienne Umugwaneza lilikuwa na jalada la buluu, na ndani yake waliishi mazimwi arobaini na moja. Aliyapa majina mwenyewe, akayapa makao katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, na juu ya yote akayapa sheria. Hizo sheria ndizo alizojivunia. Jumapili baada ya misa alikaa mezani na wenzake watatu, Colette, Olga na Shema. Kila mmoja alicheza shujaa aliyejibunia, na Thacienne alicheza mazimwi yote. Mchezo aliupata kwa binamu yake wa Goma, katika kitabu cha Kifaransa ndani ya simu. Kete za pande ishirini ambazo kitabu kilizitaka hazikupatikana kijijini kwao Burungu, basi walivuta vizibo ishirini vya soda vyenye namba, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga.

Shema alilalamika kila mara kwamba mazimwi yake ni dhaifu.

"Uchawi wa zimwi iko na mupaka," Thacienne alimjibu. "Unafika mbali gani, mara ngapi kwa siku, unaisha saa gani. Na mwenye kupigwa lazima avute kizibo kwanza, ajikinge. Kama hauwezi kujikinga, tunacheza nini sasa?"

Siku sita nyingine alikoroga maziwa katika kiwanda kidogo cha jibini cha Papa Sebahire, na mazimwi mengine yalizaliwa hapohapo, mwiko mkononi. Ndivyo alivyozaliwa Nyirabihu, mwanamke wa ukungu. Ukurasa wake ulisema hivi: anaharibu maziwa ya chombo kimoja, mara tatu kwa siku. Umbali wake hatua thelathini, na lazima ayaone maziwa kwa macho. Mwenye maziwa avute kizibo; akipata kumi na mbili au zaidi, maziwa yamepona.

Sasa sikiliza upuuzi wa watu wazima. Thacienne alipelekwa Mpofi, huko Walikale, kuuza jibini kwa wanaopita kwenda machimbo ya Bisie, na wiki hiyohiyo jibini tatu za Sebahire zikavimba rafuni kama maandazi, zikapasuka. Sebahire akitafuta kitambaa ndani ya aproni ya Thacienne akakuta daftari. Akasoma hadi "mara tatu", akaishia hapo. Jibini tatu, mara tatu! Mtu aliyesoma sekondari, anayeandikia wenzake barua, alishindwa kumaliza mistari miwili iliyobaki. Akalibana daftari kwapani, akazunguka nalo kilima kizima.

Thacienne aliposhuka kwenye pikipiki alimkuta mama yake, Mama Uwamariya, amekaa mlangoni na mafurushi mawili yaliyokwisha fungwa.

"Banasema weye njo mulozi," mama alisema. "Tuende mbele hawajakuja na moto."

Mama hakuwa mwoga. Alimkumbuka mjane wa ng'ambo ya mto, aliyeitwa mchawi asubuhi, na jioni nyumba yake ikawa majivu. Thacienne aliyafungua mafurushi, akarudisha sufuria mahali pake, akatoka kwa hasira kwenda kanisani, ambako watu waliitana kumjadili.

Uani watu walikuwa wamejaa. Papa Straton, mkuu wa shirika la wakristo wa pale, alishika daftari kwa ncha za vidole.

"Thacienne, hii kitabu iko yako?"

"Iko yangu, Papa. Iko ya muchezo."

"Muchezo!" Sebahire alifoka. "Fromaji zangu tatu zimepasuka, na weye uliandika mara tatu!"

"Papa Sebahire, ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka pale pa mara tatu."

"Soma yote, Papa Straton. Kwa sauti."

Straton akasoma, neno kwa neno, kama anavyosoma somo la Jumapili. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na kama maziwa iko ndani ya nyumba, mulango umefungwa?"

"Hawezi. Lazima ayaone," Thacienne alijibu kabla ya kufikiri, kama alivyozoea kumjibu Shema.

Vichwa vikatikisika kukubali. Straton akahesabu kwa vidole, uso ukamng'aa. "Hatua makumi tatu tu. Na huyu dada alikuwaka Mpofi, safari ya siku mbili. Haiwezekani. Basi, hana kosa!"

Watu wakapumua. Thacienne ndipo alipochemka kabisa.

"Munanihesabia hatua?" alipiga kelele. "Kama ningekuwaka hapa Burungu, ningekuwa na kosa? Nyirabihu miye nilimutunga, ni wino na karatasi! Na hata yeye nilimuwekea mupaka. Hata muntu anayemupiga nilimupatia kizibo cha kujikinga. Miye nani alinipatia kizibo? Mama yangu amefunga vitu vyake juu ya nini?"

Kisha Mama Kanyange, mke wa Sebahire, akasema bila kuinua macho, "Mabidoni ya maziwa tunaosha na maji ya mufereji, pale ng'ombe zinakunywaka. Tangu kuni zikosekane hatuchemshe tena. Nilikuambia, Papa Sebahire."

Straton akalirudisha daftari, akafunga mkutano kwa sala. Samahani haikutamkwa na mtu. Sebahire alisema tu, "Kesho urudi kazini," kana kwamba anatoa zawadi.

Kesho yake njiani Thacienne alikutana na jirani yake Uwitonze, aliyekuwa akipeleka bidoni la maziwa kiwandani. Uwitonze alipomwona alisimama, akafungua kitenge chake haraka, akalifunika bidoni lote. Lazima ayaone: sheria hiyo aliisikia jana kwa masikio yake.

Thacienne akatoa mkobani ule mkebe wa vizibo. "Vuta, dada. Njo sheria."

Uwitonze akavuta. Nne.

"Nne haitoshi," Thacienne alisema. Akakitoa kitenge, akafungua kifuniko, akachungulia ndani. "Haya, nimeyaona."

Akalibeba bidoni mwenyewe hadi kiwandani, macho juu ya maziwa njia nzima, akijikwaa kwenye mawe. Akachemsha maji, akaosha vyombo, akatengeneza jibini moja kwa maziwa yale peke yake, akakwaruza juu yake jina la Uwitonze. Kila asubuhi aliigeuza. Haikuvimba, haikupasuka. Siku ya kumi na tano aliikata mbele ya mlango wa kiwanda, watu wakiona, ikawa ngumu, ya manjano, nzuri kuliko zote za mwezi ule. Alijisikia amelirudisha jina lake kwa mikono yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu Mpofi alicheka.

Uwitonze alipokea kipande chake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Aksanti, dada Thacienne," alisema kwa sauti ya chini. "Aksanti sana kwa kutusamehe maziwa yetu."